Kirusi Kutoka Bwawa la Bata

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Siku kubwa mno! Naandika mbio, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Daktari ametuita mezani kwake asubuhi, mimi na shemeji yangu. Ametueleza habari za bakteria mmoja aliyeletwa mwaka jana kutoka hospitali, ametolewa kwenye kidonda cha mgonjwa. Dawa zote zimemshindwa. Daktari amembandika jina la Kichwa Ngumu. Sasa anamtafutia kirusi.

Niandike wazi, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wakubwa. Kuna virusi ambavyo havina habari kabisa na binadamu. Chakula chao ni bakteria. Kirusi kinamdandia bakteria, kinaingiza mambo yake ndani, na baada ya nusu saa bakteria anapasuka na virusi mia vinatoka. Bakteria naye si bwege. Anabadilika, anafunga mlango. Kirusi nacho kinabadilika, kinapata ufunguo mwingine. Daktari ana mwaka wa tatu anawafuga pamoja kwenye chupa. Kila siku tone moja linahamishiwa kwenye supu mpya, naye anatazama nani kamzidi nani ujanja. Supu hiyo naipika mimi. Ndiyo kazi yangu: mpishi wa bakteria. Mwaka wa kumi na nne huu.

Sasa utamu wenyewe. Virusi vyote vya Daktari vimegonga mwamba kwa Kichwa Ngumu. Atakayeleta maji yenye kirusi cha kumuua, ATAKIPA JINA. Jina lolote! Litaingia kwenye vitabu vya sayansi! Na Jumamosi ya tarehe kumi na sita, Siku ya Wageni, ataitwa mbele ya watu.

Shemeji ameandika hayo kwenye daftari lake taratibu. Namjua huyo. Ni mdogo wa mke wangu. Nilimtafutia mimi mwenyewe nafasi hapa, ya kuosha vyombo. Leo ana shahada mbili na kiti chenye magurudumu. Mimi bado nina stuli.

Safari hii nampiga bao.

Jumanne, 5 Machi

Nimeaga kazini kwamba jino linauma. Kutwa nzima nimechota maji machafu. Mfereji wa nyuma ya soko. Shimo la machinjioni. Bomba linalovuja pale gereji. Sampuli kumi na moja! Chupa zilinipungukia, nikatumia za jemu, na moja ya shampuu ya mke wangu. Alikuwa hajaimaliza. Nimeimaliza mimi, chini ya bomba.

Nikaacha pazuri pa mwisho: bwawa la bata la mama mkwe. Bata thelathini. Maji ya kijani. Harufu unayoweza kuiegemea.

Mama mkwe alikuwa ukingoni na ufagio. Huyu mama, miaka kumi na tisa ya ndoa yangu, hajawahi kuniita jina. Huniita "huyu wenu". Huyu wenu ameshakula? Huyu wenu kaja na gari la nani? Nikamwambia naomba maji kidogo, natafuta Kirusi. Akaniuliza nimeanza lini kujifunza lugha, na bata wake wanahusikaje. Nikamweleza ni kirusi gani. Akauliza kama namaanisha bata wake wana ugonjwa. Ufagio ukapanda juu.

Hapo akili yangu ikafanya kazi kama umeme. Nikasema kirusi hiki ni askari, kinaua wadudu wanaoshinda dawa za hospitali, na kikipatikana hapa kitaitwa kwa jina lake. Jina lake kamili. Na la baba yake.

Ufagio ukashuka. Akauliza kama jirani yake mfuga mbuzi, mpinzani wake wa kila siku, atasikia. Nikamwambia dunia itasikia. Akaenda mwenyewe kuleta upawa, akanionyesha kona ambayo maji ni mazito zaidi. Wakati naondoka akasema, "Karibu tena, mwanangu."

MWANANGU! Nusura nitumbukie.

Bila shaka jina nilitaka liwe langu. Lakini hayo tutayaona mbele kwa mbele.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya kuchuja. Maji yanapita kwenye kichujio chenye matundu madogo sana hata bakteria hawapenyi, virusi tu vinapenya. Halafu unachanganya na Kichwa Ngumu kwenye jeli ya uvuguvugu, unamimina sahanini, unaweka kwenye kabati la joto mpaka kesho. Bakteria wakikua bila bughudha, sahani inajaa ukungu mweupe. Kirusi kikiwepo, panatokea vitobo visafi, kila kitobo ni uwanja wa vita.

Shemeji ana sampuli thelathini na mbili. Kila moja ina lebo iliyopigwa chapa: mahali, saa, hata joto la maji. Amezitazama chupa zangu za jemu, akauliza kwa upole kama nahitaji lebo. Nimemjibu kwamba mambo yangu nayaweka kichwani.

Kufikia jioni nilikuwa nimeshasahau ipi ni ya gereji na ipi ni ya machinjioni. Si kitu. Ya bata haisahauliki. Inajitangaza yenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Saa mbili na dakika tano nimefungua kabati. Sahani ya kwanza: ukungu kutoka ukingo hadi ukingo. Ya pili: ukungu. Ya tatu: ukungu. Ya nne: ANGAVU KAMA KIOO! Safi! Hakuna bakteria hata mmoja!

Nimepiga ukelele. Watu wametoka ofisini mwao, mmoja amebeba mtungi wa kuzimia moto. Nimepanda juu ya stuli, nimewatangazia kwamba vita vimekwisha na Kichwa Ngumu ni marehemu. Wamepiga makofi. Shemeji ameinua sahani, ameinusa, ameuliza sampuli hii ilikuja kwenye chombo gani. Akasema inanukia nazi.

Shampuu ya nazi.

Nimeshuka kwenye stuli. Watu wamerudi ofisini mwao. Nimejikaza kisabuni, na kwa siku ya leo neno hilo lina maana mbili.

Nikaendelea kutazama sahani zangu ili nipate pa kuficha uso. Ya tano. Ya sita. Ya saba, ya bwawa la bata. Katikati ya ukungu, vitobo kumi na vinne! Vidogo, vya mviringo, kama shati lililorukiwa na cheche. Sikupiga kelele. Nikaisukuma kwa Daktari kwa vidole viwili.

Daktari ameipeleka dirishani. Ameigeuza na kuigeuza mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Halafu ameanza kuruka! Mama wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu, anaruka! Amenishika mikono, tumeruka wote. Amesema miezi minane amekitafuta kitu hiki.

Thelathini na mbili za shemeji: ukungu mtupu. Amekuja kunipa mkono. Amesema hongera, kwa moyo mweupe. Imeniudhi kidogo. Nilitegemea anune.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu wa Idara ameniita! Mimi! Ndiye anayetia saini mikataba, na wangu unaisha mwisho wa mwezi. Kwa mara ya kwanza nimekaa kwenye kochi lake. Linameza mtu. Nilizungumza naye magoti yakiwa usawa wa masikio.

Amesema amesikia habari njema. Amesema idara hii ina miaka arobaini, na hakuna kitu hata kimoja chenye jina la kiongozi wake, hata mti. Ameuchukua mkataba wangu kutoka upande wa kushoto wa meza, akauweka upande wa kulia, karibu na kalamu.

Nikamwambia kirusi kitaitwa kwa jina lake.

Limetoka lenyewe! Sikulituma! Akafunga kifungo cha koti, akaniambia niende nikachape kazi.

Kwa hiyo: kirusi kimoja, watu wawili. Huenda majina yakaunganishwa. Nimejaribu kuyaunganisha kwenye karatasi. Imetokea kitu kama jina la dawa ya kuharisha.

Mchana nimekikuza kirusi mpaka nimepata chupa nzima ya nusu lita. Mabilioni! Na kwa macho ni kama maji ya kunywa. Shemeji amekuja kuomba matone machache akifugie pamoja na Kichwa Ngumu. Amesema kirusi kikikaa peke yake kinabaki kilivyo, na bakteria huku anaendelea kubadilika, mwisho wake kirusi kinaachwa kituoni. Nimemwambia bado hakijakomaa. Ameuliza kirusi hukomaaje. Nimekohoa.

Kanidhania mtoto mdogo. Leo matone, kesho jina! Nimeificha chupa mahali ambapo hakuna mwizi wa kupafikiria: wazi kabisa, rafuni, katikati ya chupa za maji yaliyochemshwa tunayotumia kuzimulia, yaani kupunguzia ukali, kila kitu humu maabara. Na nimeiandika kwa kalamu nzito: MAJI TU.

Nani ataiba maji? Nimeondoka nikipiga mluzi.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa.

Nimekuta Daktari amekaa kwenye stuli yangu, mikono mapajani. Mbele yake chupa kumi na mbili za Kichwa Ngumu alizoziandaa kwa jaribio jipya. Jana zilitakiwa ziwe na ukungu kama maji ya mchele. Leo zinang'aa. Unaweza kusoma gazeti ukizipitishia macho. Bakteria wote wamekufa. Na zile chupa zake za miaka mitatu, ambazo bakteria wake ni ukoo mmoja na Kichwa Ngumu, nazo zinang'aa.

Nimetazama rafuni. Chupa ya MAJI TU ilikuwa tupu, imepinduliwa ikauke. Kumbe Jumamosi walifanya kazi ya ziada. Kila mtu alizimulia kwa maji yangu. Kila mtu!

Daktari amesema, kama anayejisemea, kwamba za miaka mitatu ataanzisha upya kutoka kwenye friza, lakini kazi ya mwezi mzima imepotea. Halafu akasema hajui kama ana nguvu za kuanza upya. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilifungua mdomo kabisa nikitaka kusema.

Mdomo ukasema: itakuwa kiyoyozi.

Wote wametazama juu. Kiyoyozi hakikujitetea. Nimejitolea kuongoza uchunguzi.

Jumanne, 12 Machi

Kutwa tumesugua. Meza, rafu, vitasa, kila kitu kwa klorini. Nimekuwa mkali sana kama kiongozi wa uchunguzi. Nimemhoji fundi wa viyoyozi mpaka ameomba maji. Nimemhoji mlinzi wa getini kama kuna virusi alivyoviona vikiingia.

Saa tisa shemeji ameniita pembeni, kule penye masinki. Mkononi chupa tupu. MAJI TU.

Nimevaa miwani ya mbao. Nikasema huo mwandiko unafanana na wa watu wengi.

Akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika lebo. Hapa hapa, kwenye sinki hili. Uliniambia chupa isiyosema ukweli ni hatari kuliko chupa iliyovunjika."

Nilisema hivyo kweli? Maneno mazuri. Nimejivuna kidogo, kisha nimekumbuka tuko wapi.

Hatamwambia Daktari. Amesema nitamwambia mimi mwenyewe, na amenipa mpaka keshokutwa. Ameondoka na chupa kwenye mkoba. Huo ndio wema wa kumtia mtu presha.

Nimefika nyumbani, mke wangu amenipokea akicheka. Mama yake amepiga simu. Anakuja Jumamosi na wenzake kumi na mmoja wa kikundi chake cha wanawake. Yule jirani wa mbuzi naye analetwa kwa lazima.

Jumatano, 13 Machi

NIMEOKOKA! Au nimekwisha. Nitaandika yote mawili.

Asubuhi chupa kumi na mbili zimerudi kuwa na ukungu! Zenyewe! Bakteria wamefufuka! Nimekimbia kumwambia Daktari kwamba hakuna kilichoharibika, tusahau yaliyopita, uchunguzi nimeufunga, kiyoyozi kimesamehewa. Daktari hakucheka. Amezitazama chupa kwa macho mapya, akasema hawakufufuka hata mmoja. Hawa ni wachache walionusurika, wenye mlango ambao kirusi hakiujui. Wamezaana wao tu, sasa chupa nzima ni yao.

Nikachukua mabaki ya kirusi changu kutoka sahani ya saba, nikakijaribu kwa hawa wapya. Kwa joto zuri na supu nzito hawakawii. Kufika saa kumi ukungu umeshatanda. Kitobo? Hakuna. Hata kimoja!

Askari wangu hana silaha. Siku tatu kabla ya Siku ya Wageni. Mkuu wa Idara ameshaagiza kibao cha shaba. Mama mkwe ameshamwambia mchungaji, shehe, na muuza magazeti.

Lakini kichwani kuna kitu kinachemka, na huwa hakichemki bure.

Alhamisi, 14 Machi

Mpango wa leo ulikuwa rahisi na mzuri. Kitobo ni nini? Mahali pasipo na bakteria. Klorini inafanya nini? Inaua bakteria. Kijiti cha kuchokolea meno kinaweza nini? Kuchovya!

Wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kantini, nimekaa na sahani yenye ukungu mzuri, klorini kwenye kizibo, na kijiti. Nimetengeneza vitobo arobaini. Ulimi nje, kwa umakini. Nimepata burudani ya ajabu. Nikaona sahani ile inapendeza kuliko ya kirusi chenyewe.

Shemeji ameingia bila hodi. Ameitazama. Vitobo vyangu vilikuwa mistari mitano, kila mstari vinane, kama vifungo vya koti. Amecheka mpaka amekaa chini sakafuni. Amecheka mpaka machozi yamemtoka, nami nikacheka pia ili nisibaki peke yangu.

Alipopata pumzi ameniambia, "Njoo uone mambo." Akafungua kabati la joto. Kumbe jana alichukua zile chupa kumi na mbili, akachuja kilichomo. Kila chupa ilikuwa bado na virusi, vizazi vya hicho hicho changu, vimebanana na bakteria wapya vikiwatafuta. Akavimimina juu ya wale wapya. Katika chupa ya tisa, vitobo! Vitobo vya kweli! Bakteria walibadili mlango, na kirusi kimebadili ufunguo, ndani ya siku tano, chini ya pua zetu!

Nimesahau kwamba tunashindana. Nimemkumbatia!

Ndipo nimegundua Daktari yuko nyuma yetu mlangoni, anatazama sahani mbili. Ile ya shemeji, na ile yenye vifungo.

Basi nimesema. Yote. Chupa, lebo, kiyoyozi, kijiti. Daktari amenisikiliza akiwa amefumba macho. Aliniita kwa majina yangu matatu, jambo ambalo hata mama yangu alilifanya mara mbili tu maishani. Ameniuliza kama najua mwezi wa kazi ya mtu una siku ngapi. Nimesema thelathini. Amesema, na wewe umezimwaga zote kwenye sinki. Nimeomba radhi, na safari hii si kwa ujanja.

Halafu ameanza kuhesabu kwa vidole. Chupa kumi na mbili. Zimeingiliwa siku moja. Kutoka chupa moja. Akasema hata angepanga mwenyewe asingepanga hivi. Sasa anaweza kuona kama zote kumi na mbili zitapita njia moja au kila moja itajitafutia yake, na ya tisa tayari imetangulia! Ameita kalamu, ameita karatasi, goti limesahaulika. Akiwa katikati ya mstari wa pili amesema bila kuinua kichwa kwamba kuanzia leo nisiguse chupa yenye kitu ndani.

Nimetoka mbio kama mtu aliyeshinda. Nadhani nimeshinda.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya Wageni! Niandike kabla miguu haijapoa.

Ukumbi umejaa. Safu ya mbele kushoto, mama mkwe na wenzake kumi na mmoja, na jirani wa mbuzi amekaa katikati asipate pa kutorokea. Safu ya mbele kulia, Mkuu wa Idara, tai shingoni, hotuba mkononi, kibao cha shaba kimefunikwa kitambaa. Mimi katikati, jasho linatiririka.

Mama mkwe, mkarimu leo, amemsalimu Mkuu na kumwambia kwamba amekuja kushuhudia kirusi kikipewa jina lake. Mkuu ametabasamu, akasema mama amechanganya, jina ni lake yeye. Mama mkwe hajachanganya kitu maishani mwake. Wote wawili wamegeuka kunitazama kwa pamoja, kama milango miwili ya kabati.

Nikasema nimesikia simu inaita. Nikaenda kusimama nyuma ya pazia.

Daktari amepanda jukwaani. Jamani, huyu mama akizungumza! Amewaeleza vita visivyo na mwisho, kufuli na funguo, kila mmoja akimkimbiza mwenzake na wote wakibadilika kwa sababu ya mwenzake. Mama mkwe amenyoosha mkono, ameuliza hicho kirusi kinazaa watoto wangapi. Daktari amesema kama mia. Kwa muda gani? Nusu saa. Mama mkwe amewageukia wenzake na kusema hicho ni cha kwao hasa, hakina mchezo. Halafu ameuliza swali ambalo Daktari amesema ndilo swali lenyewe la utafiti wake: kama bakteria asingebadilika, kirusi kingejisumbua kubadilika? Daktari ameshuka jukwaani kuja kumpa mkono.

Halafu majina. Daktari ni mtu wa neno lake. Amesema kuna virusi viwili. Kile cha mwanzo, kilichotoka bwawani, nilikipata mimi, kwa hiyo nikipe jina. Hiki kipya, kilichobadilika, amekipata shemeji, kwa hiyo atakipa yeye.

Nikatoka nyuma ya pazia. Nimeona mkataba machoni mwa Mkuu. Nimetangaza kwa sauti kubwa: kirusi changu kitaitwa kwa jina la Mkuu wetu wa Idara! Makofi! Kitambaa kimevutwa, kibao kimeng'aa, hotuba imesomwa kurasa zote tatu. Upande wa kushoto, wanawake kumi na wawili hawakupiga hata kofi moja.

Shemeji amesimama. Amesema chake anakipa jina la mama yake. Akalitaja kamili. Na la babu yake pia.

Kikundi kimepiga vigelegele hadi vioo vimetetemeka. Jirani wa mbuzi ameinamisha kichwa. Nami, naapa, macho yalinilowa.

Hapo Daktari, katika furaha yake, ameonyesha sahani mbili kwenye kioo kikubwa. Akaeleza taratibu, kwa kijiti cha kuonyeshea. Huyu hapa ni bakteria mpya. Huyu hapa ni Mkuu: amemiminwa juu yake na, kama mnavyoona, hafanyi kitu. Muda wake umepita. Bakteria hamwogopi tena. Na huyu hapa ni mama yetu. Tazameni vitobo! Alipokwama Mkuu, mama amepita!

Ukumbi ulicheka kwa dakika nzima. Mkuu ameondoka bila kunywa chai. Kibao amekiacha.

Mama mkwe amenipitia mlangoni. Amenitazama juu mpaka chini, akasema nimemwahidi jina nikaligawa kwa mwanamume mwenye koti. Halafu amesema lakini maji nilichota vizuri. Kisha amenikabidhi mkoba wake niubebe hadi kwenye gari. Na wa wenzake. Mikoba kumi na miwili. Sijui huo ni msamaha au ni hukumu, lakini nilikuwa mwepesi kama unyoya.

Jumanne, 19 Machi

Daktari amenipigania, mkataba umeongezwa. Miezi mitatu. Kazi: kuosha vyombo. Sinki lile lile. Shemeji ameniletea stuli yangu, nami nimemshukuru kwa dhati.

Nimepata muda wa kutafakari niliyotenda. Nimejichunguza bila kujionea huruma. Nimegundua kosa langu lilikuwa moja tu: niliandika MAJI. Maji kila mtu anayatumia!

Sasa, Mkuu amenuna, na baada ya miezi mitatu kalamu ni yake tena. Anataka kitu chenye nguvu cha kubeba jina lake. Leo asubuhi wazo nililolipata Jumamosi limenirudia kama radi, mikono ikiwa kwenye povu. Mpe bakteria! Bakteria hana haya ya kushindwa, anabadilika kila siku! Nimemwandikia barua: yule atakayezishinda dawa zote na virusi vyote ataitwa kwa jina lake. Barua imejibiwa kwa saa moja: amekubali. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshamwahidi hivyo hivyo jirani wa mbuzi, tulipokutana garini, kumliwaza. Tutayaona mbele kwa mbele.

Nimemwomba shemeji chupa moja ya hao sugu. Amekataa. Basi nimeichota mwenyewe, kidogo tu, nusu chupa, rangi ya majani makavu. Ilinibidi niifiche. Safari hii nimefikiri kwa kina. Nimeiweka chini ya sinki langu mwenyewe, mahali ninapopalinda mimi, na nimeiandika kwa herufi kubwa: SABUNI YA VYOMBO. Nani ataiba sabuni?

Halafu nimechapa kazi mpaka saa kumi. Chupa mia na arobaini, zote nimezipanga kwenye rafu ya Daktari, tayari kwa kesho. Nina furaha isiyo kifani! Jambo moja tu limenishangaza: sabuni ya mchana wa leo haikutoa povu hata kidogo.